Burrill, Mipeasi na Panga la Bibi

Nilikutana na Thomas Jonathan Burrill kwenye slaidi. Ilikuwa mhula wa pili, kozi ya magonjwa ya mimea, saa nane mchana, ule muda ambao nusu ya darasa inasinzia kwa wali maharage na nusu nyingine inaulizana bumu linaingia lini. Mwalimu aliweka mstari mmoja tu: mtu wa kwanza kuonyesha kwamba bakteria wanaweza kuuletea mmea ugonjwa, Illinois, 1878. Chini yake palikuwa na picha ya tawi la mpeasi likidondosha tone zito linalong'aa. Wenzangu waliandika haraka, maana lilinukia swali la alama mbili. Slaidi ikapita. Mimi nilibaki na lile tone.

Tone kama lile nilishaliona. Si Marekani, ni Muleba, kwenye kibanja cha bibi yangu, nikiwa darasa la sita. Lilikuwa la manjano, linachuruzika taratibu kutoka kwenye shina la mgomba tulioukata. Baada ya tone lile kibanja kizima kilikwenda. Na kwa miaka mingi nimeamini kwamba mimi ndiye niliyelileta. Nitafika huko. Kwanza nimweleze huyu mzee, maana nilipoanza kumsoma kwa ajili ya mtihani nilijikuta nasoma habari za kwetu.

Burrill alizaliwa tarehe 25 Aprili 1839 karibu na Pittsfield, Massachusetts. Alipokuwa na miaka tisa hivi, familia yake ilihamia kaskazini mwa jimbo la Illinois, kwenye mbuga pana ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinapasuliwa kwa jembe la kukokotwa. Ni mtoto wa mkulima, kwa hiyo shule ilikuja kwa vipande, katikati ya kazi. Alihitimu chuo cha ualimu cha Illinois mwaka 1865, akiwa na miaka 26. Wale wanaoona aibu kuwa darasa moja na wadogo zao, hapo mpate faraja. Akapewa kazi ya kusimamia shule za mji wa Urbana. Mwaka 1867 akasafiri na John Wesley Powell kwenda kwenye milima ya Colorado, yeye akiwa mtu wa mimea katika msafara ule.

Mwaka 1868 Urbana ilifungua chuo kipya kilichoitwa Chuo cha Viwanda cha Illinois, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Illinois. Usifikirie yale majengo ya kwenye kalenda. Lilikuwa jengo moja, wanafunzi wapatao 50, matope, na upepo wa mbuga usio na mti wa kuuzuia. Burrill aliajiriwa humo mwaka huohuo, akaanza kwa kufundisha hesabu za aljebra. Yaani mtu wa mimea anapewa aljebra kwa sababu hakuna mwingine! Mwaka 1870 akawa profesa wa botania na kilimo cha bustani. Wanafunzi wa wakati ule walipangiwa kazi za mikono, naye aliwaongoza kupanda miti kwenye ardhi ile tupu. Alikuwa pia miongoni mwa walimu wa mwanzo nchini mwake kuwakalisha wanafunzi wa shahada ya kwanza mbele ya hadubini waangalie wenyewe, badala ya kukariri michoro ya kitabuni.

Sasa twende kwenye ugonjwa wenyewe. Sisi wa Tanzania tunaujua mpeasi kupitia yale mapeasi ya Lushoto yanayouzwa njiani. Kule Marekani, mpeasi na mtufaha ni mazao yaliyovuka bahari na wahamiaji kutoka Ulaya. Miti ilipofika ilikutana na kitu ambacho kwao hakikuwepo. Katika miaka ya 1780, kwenye bonde la mto Hudson, mkulima mmoja aitwaye William Denning aliona mipeasi na mitufaha ikifa kwa namna ya ajabu. Maua yananyauka na kuwa meusi. Ncha ya tawi inajikunja kama mpini wa bakora. Majani yanaungua lakini hayadondoki, yananing'inia pale kama mtu amepitisha kijinga cha moto usiku. Ndiyo maana wakulima waliuita ugonjwa wa moto. Mti wenye miaka 20 ya jasho unaweza kufa ndani ya msimu mmoja.

Kwa karibu miaka 100 hakuna aliyejua sababu. Kila mtu alikuwa na yake. Wapo waliosema ni radi. Wapo waliosema jua kali baada ya mvua, au mbolea kupita kiasi. Wengine walimkamata mdudu mmoja anayetoboa matawi wakamtia hatiani. Mhubiri maarufu Henry Ward Beecher, aliyekuwa mpenzi wa bustani, aliamini kwamba utomvu uliganda kwa baridi ya mwaka uliotangulia ukageuka sumu. Wasomi wengi walipendelea fangasi, maana fangasi walikuwa wameshathibitika kuumiza mimea. Kila nadharia ilikuwa na shahidi wake, na kila shahidi alikuwa na mti uliokufa wa kuonyesha. Haya mambo tunayajua. Kwetu Muleba ugonjwa ulipoingia, wapo waliosema ni mbolea ya ruzuku, wapo waliosema ni mkono wa mtu.

Burrill alifanya kitu rahisi ambacho kinahitaji subira kweli kweli: alikata kipande cha gome kutoka pale ambapo ugonjwa ulikuwa bado unasonga, akakiweka chini ya hadubini, akatazama. Hakuchukua tawi lililokufa zamani, maana pale kila aina ya kiumbe imeshahamia, kama inzi kwenye mzoga. Alichukua mpaka, pale kijani kinapogeuka kahawia. Akaona vitu vidogo visivyohesabika vinatembea ndani ya ute. Msimu baada ya msimu, mpeasi baada ya mpeasi, vitu ni vilevile. Mwaka 1878 aliwaeleza wakulima wa matunda wa Illinois kwenye mkutano wa chama chao kwamba anavishuku hivyo.

Naomba hapo usimame kidogo. Robert Koch alikuwa ameonyesha mwaka 1876 tu kwamba bakteria ndiye anayeleta kimeta kwa mifugo. Huko Ulaya wakubwa walikuwa bado wanabishana kama binadamu anaweza kuuawa na viumbe hawa. Na huku kwenye chuo cha miaka kumi, katikati ya mashamba ya mahindi, mwalimu asiye na shahada ya uzamivu anasema mti nao unaugua kwa njia ileile. Tena hakwenda kwanza kuwaambia wasomi. Alikwenda kuwaambia wenye miti.

Kuona ni jambo moja, kuthibitisha ni jingine. Mwaka 1880 Burrill alichukua ute wa matawi magonjwa akauingiza kwenye matawi mazima kwa ncha ya sindano, kwenye mipeasi na mitufaha, kisha akasubiri. Matawi mengi yaliyochomwa yaliungua vilevile. Mwaka huohuo alipeleka matokeo Boston kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi wa Marekani, na akaufananisha ugonjwa huu na kile kimeta cha Koch. Mwaka 1882 akampa kiumbe wake jina: Micrococcus amylovorus.

Jina hilo lina kosa, na mimi nalipenda kosa hilo. Amylovorus maana yake ni mla wanga. Burrill aliona wanga umetoweka kwenye seli za gome lililougua, akahitimisha kwamba bakteria anakula wanga. Baadaye ikajulikana kwamba huyu bakteria hana uwezo wa kuvunja wanga hata kidogo. Lakini jina limebaki hadi leo, na kila anayelitaja anataja pia alipokosea aliyegundua. Kwa sisi tunaotetemeka kuandika ripoti ya fildi kwa hofu ya kukosea, hilo ni somo. Alisema alichokiona, akaongeza alichokidhania. Dhana ikaanguka, aliyoyaona yakasimama.

Hayakusimama bila kusukumwa. Wapinzani walikuwa na hoja nzuri tu: ute ule una bakteria, sawa, lakini una na majimaji ya mti unaooza. Utajuaje kama si majimaji hayo ndiyo sumu, na bakteria ni wageni waliokuja kula matanga? Burrill hakuwa na jibu kamili. Jibu lilitoka Geneva, jimboni New York, kwa kijana aitwaye Joseph Charles Arthur. Mwaka 1885 Arthur aliwatenganisha bakteria na majimaji yao. Alipochanja kwa bakteria peke yao, matawi yaliungua. Alipochanja kwa majimaji yaliyochujwa bakteria, hakuna kilichotokea. Kesi ikaisha, kwa Marekani angalau. Huko Leipzig, mtaalamu Alfred Fischer aliandika kitabu mwaka 1897 akishikilia kwamba bakteria hawawezi kuwa chanzo cha ugonjwa kwa mmea mzima wenye afya. Aliyemjibu, kwa hasira na kwa ushahidi mwingi, alikuwa Erwin Smith wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mabishano yao kwenye jarida yalifika hadi 1901, na Smith akashinda.

Sehemu iliyonikaba koo inakuja sasa. Burrill alijua nani anaua. Hakujua muuaji anasafirije. Sindano yake ilionyesha kwamba ugonjwa unaingia kupitia jeraha, lakini bustanini hakuna mtu anayepita na sindano. Mbona basi unaanzia kwenye maua, tena maelfu ya maua ndani ya siku chache?

Burrill alikuwa na mwanafunzi aitwaye Merton Waite, aliyehitimu Illinois mwaka 1887 kisha akaajiriwa na Wizara ya Kilimo. Mwaka 1891 Waite alipaka bakteria kwenye maua machache ya mpeasi, na maua mengine akayafunika kwa chandarua. Baada ya siku chache maua yaliyoachwa wazi yakaanza kuugua, hata yale ambayo hakuyagusa. Yaliyofunikwa yakabaki mazima. Aliyekuwa anapita na sindano ni nyuki. Alikuwa anakunywa nekta kwenye ua gonjwa, midomo inabeba bakteria, anahamia ua jingine. Waite aliwakuta bakteria kwenye midomo ya nyuki hao.

Cha kuumiza zaidi ni kwamba katika maua hayohayo Waite aligundua jambo la pili. Aina nyingi za mipeasi hazizai vizuri kwa chavua zake zenyewe, zinahitaji chavua ya aina nyingine, na mletaji ni nyuki. Bila nyuki hupati mapeasi. Ukiwa na nyuki unaweza kukosa mipeasi. Huko California, ugonjwa ulipofika na kufyeka bustani, wakulima wa mipeasi na wafuga nyuki walianza kutazamana kwa jicho baya. Nyuki hakuwa na kosa. Alikuwa anafanya kazi aliyoitiwa.

Leo tunaweza kuifuata njia yote. Bakteria anafika kwenye ncha ya kike ya ua, ile yenye unyevu, na hali ya hewa ikiwa ya joto anaongezeka hadi kufikia idadi ya kutisha bila ua kuonyesha dalili yoyote. Hapo bado hajaingia ndani. Anasubiri umande au manyunyu yamteremshe hadi kwenye vitobo vya nekta. Kupitia vitobo hivyo anaingia, anashuka kwenye kitawi, kisha tawi, kisha shina. Ndani ya gome anatengeneza ule ute mzito unaomkinga, nao ukizidi unatokeza nje kama matone. Matone yanavuta inzi, yanarushwa na mvua, yanaganda kwenye kisu cha anayepogoa. Majira ya baridi anajificha pembezoni mwa kidonda cha gome, na majira ya maua anatoka tena. Waite ndiye aliyeonyesha pia maficho hayo, akawaambia wakulima wakate chini kabisa ya kidonda na wasafishe kisu kwa dawa kila baada ya kukata.

Wanasayansi wanaamini kwamba bakteria huyu ni mwenyeji wa Amerika Kaskazini, na kwamba aliishi kwenye miti ya porini ya ukoo wa mtufaha bila kuimaliza, kwa sababu walikuwa wamezoeana kwa muda mrefu. Mgeni alikuwa mpeasi. Kisha safari ikageuka. Ugonjwa ulifuata mashamba kuelekea magharibi mwa Marekani, ukavuka bahari hadi New Zealand mwaka 1919, Uingereza mwaka 1957, Misri miaka ya 1960, na Korea Kusini mwaka 2015. Bakteria hawezi kuvuka bahari peke yake. Watu ndio wanaohamisha miche, vikonyo vya kubebesha na vifaa, wakitafuta bustani nzuri zaidi.

Ukipima vinasaba vya bakteria hawa kutoka nchi mbalimbali, wale wanaoshambulia mipeasi na mitufaha karibu wote wanafanana kama watoto wa tumbo moja. Hakuhitaji kujibadilisha sana kuteka mabara. Lakini akibanwa, anajibadilisha. Kuanzia miaka ya 1950 wakulima walianza kunyunyizia maua streptomaisini, ileile dawa iliyowahi kutumika sana kwa kifua kikuu. Mwaka 1971 huko California wakapatikana bakteria wasioidhurika. Kwa baadhi yao lilikuwa badiliko dogo tu kwenye kinasaba kimoja. Kwengineko, kama Michigan, kinga haikuzaliwa kwao: walipewa kipande cha DNA na bakteria wengine wanaoishi humohumo bustanini. Walikopeshana kama majirani wanavyoazimana panga.

Na hapo nirudi Muleba.

Kibanja cha bibi kilikuwa cha ndizi, kahawa na maharage chini yake. Kwetu mgomba ni chakula, ni kivuli, ni pombe ya harusi, ni ada ya shule. Ilikuwa likizo ya Juni. Jirani mmoja alinomba nikamsaidie kukata majani makavu na kupunguza machipukizi. Nilikwenda na panga la bibi. Nakumbuka kuna mgomba pale ulikuwa na majani ya manjano yaliyolegea, nikaukata kama nilivyoikata mingine. Jioni nilirudi nyumbani, na kwa sababu panga lilikuwa bado mkononi na nilitaka kusifiwa, nikakata machipukizi ya bibi pia. Mgomba kwa mgomba. Panga lilikuwa linanata. Sikulifuta.

Baada ya wiki kadhaa majani yakaanza kunyauka. Ndizi zikaiva kabla ya wakati mkunguni, ukizipasua ndani ni kahawia. Bibi alikata shina, likatoka lile tone la manjano. Akaja bwana shamba, akasema ni mnyauko, na akaagiza kung'oa. Uganda waliupata mwaka 2001, na katikati ya miaka ya 2000 ulikuwa umeshaingia Kagera. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia, ambako mwaka 1968 ulielezwa kitaalamu ukiwa kwenye ensete, yule jamaa wa mgomba anayeliwa huko. Bakteria wake ni wa jamii nyingine kabisa na wa Burrill. Anaitwa Xanthomonas. Lakini nilipofika kwenye sura ya namna anavyosambaa nilihisi nasoma karatasi ya Waite upya: wadudu wakiwemo nyuki wanatoka kwenye ua dume la mgomba mgonjwa, wanatua kwenye kovu bichi la mgomba mzima. Na panga. Kila kitabu kinataja panga.

Tuling'oa karibu kibanja chote. Bibi hakulia mbele yetu. Mwaka ule tulinunua ndizi sokoni, jambo ambalo kwa mama wa Kihaya mwenye kibanja ni kama kuomba maji ya kunywa kwa jirani. Sikumwambia mtu yeyote kuhusu panga.

Burrill mwenyewe hakuishi kama shujaa wa sinema. Chuo kilipokosa mkuu mwaka 1891, walimkabidhi yeye akaimu, akakaimu hadi 1894. Mwaka 1904 akakaimu tena. Hakuwahi kupewa kiti chenyewe. Kila mara mkuu mpya alipofika yeye alirudi kwenye mimea yake, akiwa pia mkuu wa masomo ya uzamili. Ukifikiria wangapi hapa chuoni hawasalimiani kwa sababu ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, utaona uzito wa jambo hilo. Alistaafu mwaka 1912, miaka 44 tangu aingie darasani na aljebra yake.

Baada ya kustaafu aliendelea kwenda maabara. Kazi yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1917 akiwa ameshafariki, ilihusu bakteria wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde na kuipatia naitrojeni. Mtu aliyewafichua bakteria wanaoua miti alimalizia maisha yake akiwachunguza wanaolisha maharage. Alifariki Urbana tarehe 14 Aprili 1916, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 77. Mwaka 1920 kiumbe wake alihamishiwa kwenye kundi jipya lililopewa jina la Erwin Smith, na ndivyo anavyoitwa mpaka leo: Erwinia amylovora. Jina la Burrill limebaki ndani ya mabano, kwenye maandishi madogo, kama aliyemwita kwanza.

Likizo iliyopita nilikwenda Muleba nikiwa nimeamua kumwambia bibi. Nilimkuta ameketi nje anamenya ndizi, maana kibanja kimerudi, si chote lakini kinalisha nyumba. Nikamweleza yote: jirani, mgomba wa manjano, panga linalonata. Alinisikiliza bila kuacha kumenya. Kisha akaniambia kwamba panga lile, wiki ileile, lilikuwa limeazimwa na nyumba tatu kabla yangu, na yeye mwenyewe alilitumia kesho yake. Akauliza kama chuoni wananifundisha kuhesabu dhambi au kutibu migomba.

Sijui kama alisema hivyo ili kunipoza. Inawezekana ni panga langu, inawezekana ni nyuki. Ushahidi wa kibanja kile uliteketea zamani, na Burrill amenifundisha kutodai nisichokiona. Ninachojua ni kwamba maarifa ya kusafisha kisu kati ya mti na mti yalikuwa yameandikwa zaidi ya miaka 100 kabla sijalishika panga lile, na hayakuwa yamefika kwenye mlango wetu. Waliyaandika watu kama sisi, walimu wa vyuo na wanafunzi wao. Yalikaa kwenye maktaba kama zetu.

Burrill alikwenda kwenye mkutano wa wakulima kabla hajawa na uhakika wote, akiwa na hadubini na lugha wanayoielewa. Sisi tunasoma kwa msuli, tunafaulu, tunaacha daftari chini ya kitanda cha hosteli. Kama una nyumbani kunakolimwa, kuna kitu ulichosoma mhula huu ambacho mtu wa kule anakihitaji. Kipeleke hata kabla hujahitimu.

Siku ya kuondoka niliamka mapema tukaingia kibanjani. Tulikuwa na jiko la mkaa lenye moto, na bibi alikuwa na kijiti chenye panda. Yeye alivunja maua dume kwa kijiti, bila kukata, ili kusiwe na kovu la kisu la wadudu kutua. Mimi nilikata machipukizi, na kila baada ya shina moja nililaza panga juu ya makaa hadi lipate moto sawasawa. Ni kazi ya kuchosha, kibanja ambacho zamani tungekimaliza kwa asubuhi moja kilituchukua hadi saa tisa. Jirani alipita njiani akatuuliza kwa nini tunapika panga. Bibi akamwambia aingie, amwonyeshe.